Kilichosemwa Ijumaa

Wening aliisikia habari yake mwenyewe ikisimuliwa katika ukumbi wa gavana, akiwa amekaa safu ya tano na kiboksi cha vitafunwa mapajani. Mwanzoni hakutambua kuwa ni yake. Pak Danardono, yaani Bwana Danardono, mkuu wake wa kazi, alikuwa amesimama jukwaani na shati lake la batiki ya hariri, ameishusha sauti kama mtu anayeeleza msiba wa nyumbani kwao. Alieleza juu ya mzee aliyelala nyuma ya pikapu, juani, nje ya ofisi ya usajili wa raia ya wilaya ya Tirtapura. Alieleza jinsi binti wa mzee huyo alivyopanda ngazi na kushuka akiomba baba yake apigwe picha ya kitambulisho pale pale alipolala, kwa kuwa bila kitambulisho hospitali haiitambui bima. Kisha akaeleza juu ya afisa wa kaunta ya pili, aliyemwambia yule binti amrudishe mzee siku atakayoweza kupanda ngazi.

"Mzee hakurudi," alisema Pak Danardono. "Afisa huyo ni mama, ana mtoto, ni mtu mwema. Moyo wake haukuwa na tatizo. Tatizo ni kwamba hakuwa amefundishwa kufikiri. Mimi nikamfundisha."

Ukumbi ukapiga makofi. Kwenye skrini kubwa nyuma yake ikatokea picha ya Wening akivuka daraja la mianzi kwa pikipiki, mgongoni amebeba begi jeusi lenye kamera na kifaa cha alama za vidole. Picha hiyo ilikuwa imepigwa kwa ajili ya kujivunia, lakini ikija mara tu baada ya maneno yale, mtu yeyote wa Tirtapura aliyemo ukumbini hakuhitaji kuambiwa jina. Yuwono wa kaunta ya tatu, aliyekaa kando yake, aliinamia kiboksi chake akaanza kubandua karatasi ya keki ambayo hakuila.

Ofisi yao ikapata tuzo ya kwanza ya ubunifu, kwa huduma hiyo ya kuwafuata wagonjwa majumbani. Wening akaitwa jukwaani kupiga picha na gavana, na mpaka leo katika picha ile anaonekana akitabasamu.

Pak Danardono hakuwa mtu mbaya alipofika Tirtapura, na hilo ndilo lililokuja kumchanganya Wening kuliko yote. Mkuu aliyemtangulia alikuwa mtu wa kujifungia chumbani, na aliyekosea alijua kuficha. Huyu alikuja na desturi mpya. Kila Ijumaa baada ya swala meza zilisogezwa, mikeka ikatandikwa, ikaletwa mihogo ya kukaanga, na wafanyakazi wote wakakaa chini pamoja na mkuu wao. Kila mmoja alitakiwa aseme amekosea wapi na amejifunza nini.

"Hapa hakuna anayehukumiwa," aliwaambia. "Kila mtu aseme kosa lake, si la mwenzake. Na kinachosemwa hapa kinabaki hapa."

Ijumaa za mwanzo watu walisema wamechelewa kwa sababu ya mvua. Ndipo Pak Danardono mwenyewe akasimulia jinsi alivyowahi kutia saini mkataba bila kuusoma, na serikali ikajengewa kisima kisichotoa maji. Watu wakatazamana. Hawajawahi kumsikia mkubwa akisema amekosea. Tangu hapo ndimi zikalegea. Iligundulika kuwa wanavijiji walikuwa wakijaza maelezo yale yale mara tatu, na hakuna hata mmoja ofisini aliyekumbuka sababu. Iligundulika kuwa vyeti vya watoto vilichelewa kwa sababu ya mtu mmoja aliyeona aibu kusema haijui programu mpya. Mambo yakanyooka. Wening, ambaye kwa miaka alikuwa akienda kazini kama anayekwenda kung'olewa jino, akaanza kuondoka nyumbani mapema. Wakati wa chakula cha jioni alimsimulia mumewe, Gunarto, naye akacheka.

"Ofisi gani hiyo," alisema Gunarto, "watu wanalipwa kusema wamekosea?"

Ijumaa moja Wening akasimulia habari ya Mzee Karyadi na ile pikapu. Alilia mbele za watu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Lakini kuna kitu kimoja alikiacha. Siku ile, kabla ya kumrudisha mzee, alikuwa amekwenda chumbani kwa Pak Danardono, mgeni bado, kuomba ruhusa ya kuifungua kamera na kushuka nayo mpaka kwenye pikapu. Pak Danardono alimjibu, akimwita Bu, yaani Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye simu: "Usianze kuwazoesha watu, Bu. Kesho wote watataka kushukiwa."

Wening aliliacha hilo kwa sababu ndiyo iliyokuwa sheria ya Ijumaa: kila mtu na kosa lake. Na moyoni alijua kuwa angeweza kushuka na ile kamera hata bila ruhusa. La mkuu alimwachia mkuu alitaje mwenyewe zamu yake ikifika. Pak Danardono aliinamisha kichwa kwa muda, kisha akasema, "Asante, Bu Wening. Tutaanzia hapa." Zamu yake ilifika mara nyingi baada ya siku ile. Hakulitaja.

Hata hivyo walianzia pale kweli. Wening na Yuwono ndio waliohangaika na nyaya na betri mpaka vifaa vyote vikaenea katika begi moja, na Wening ndiye aliyelibeba. Alikwenda nyumba zilizojificha nyuma ya mashamba ya miwa. Alimpiga picha mwanamke aliyepooza miguu ambaye aliomba kwanza asubiriwe ajipake poda. Aliweka vidole vya wazee juu ya kioo, kimoja kimoja, akivifuta kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu kwa sababu ngozi iliyosuguliwa na jembe haisomeki upesi. Kila alipofunga begi na kuaga alihisi kuna deni analomlipa mtu, ingawa anayelipwa hayupo tena.

Baada ya tuzo, mtu akakata kile kipande cha hotuba akakitupa mitandaoni. Kabla wiki haijaisha kilikuwa kwenye simu ya kila mtu Tirtapura, na chini yake maneno ya watu ambao hawajawahi kukanyaga ofisi ile. Muuza mboga aliyekuwa akisimamisha mkokoteni wake langoni kwa Wening kila asubuhi akaanza kumhudumia wa mwisho, mchicha ukiwa umeshalegea. Mbah Kasinah, mama mkwe wake, alirudi mapema kutoka kwenye kisomo cha wanawake, akavua kitambaa cha kichwa na kukikunja kwa muda mrefu kuliko kinavyostahili.

"Wamenipisha mkeka," alisema. "Wote wakasogea. Sikuomba nafasi kubwa kiasi hicho."

Nastiti, binti wa Wening, hakuzungusha maneno. Alirudi kutoka shuleni, akavua viatu, akauliza kama ni kweli mama yake alimwua mzee. Wening akamwambia hapana. Kisha akamwambia kuwa alimrudisha, na mzee akafa. Mtoto akaingia chumbani, na jioni hakutaka kuketi karibu naye.

Jumapili akaja Marsih, binti wa Mzee Karyadi. Alikuwa mpika tempe wa sokoni, vile vipande vya soya iliyochachushwa, mikono imepauka kwa kuosha soya. Wening alimtambua kabla hajafungua lango. Mbah Kasinah akaharakisha kuleta chai, na chai ikakaa mezani mpaka ikapoa.

"Sikuja kugombana, Bu," alisema Marsih. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Siku ile, ile mashine, ilikuwa inawezekana kushuka nayo?"

Wening alijua yapo majibu mengi. Lipo la kanuni, lipo la mkuu wa kazi.

"Ilikuwa inawezekana," alisema.

Marsih akatikisa kichwa taratibu. Hospitali iliwatoza kama watu wasio na bima, wakauza shamba la mpunga, na baba yake akafa vilevile. Yote hayo alikuwa ameyameza, alisema, kwa sababu aliambiwa ni sheria. "Sheria huikasirikii. Ni kama mvua. Miaka miwili nimelala usingizi kwa sababu ya hiyo sheria. Sasa bosi wako anasema haikuwa sheria, ulikuwa wewe." Akasimama. "Na anapewa tuzo. Kwa baba yangu."

Wening alimsindikiza hadi langoni. Alitaka kumwomba msamaha, lakini Marsih hakungoja.

Gunarto alikuwa ameyasikia yote akiwa uani, kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti. Alizima mashine, akaoga, akavaa shati la Idi, akasema anakwenda kumwona mteja.

Wiki iliyofuata mkuu wa wilaya, ambaye alikuwa na uchaguzi mbele yake, alitangaza kuwa aliyemtesa mzee lazima awajibishwe. Kamati ya nidhamu ikaundwa. Wening hakuogopa sana. Alijiambia kuwa Pak Danardono atasimama aseme ilivyokuwa, maana ni yeye aliyewafundisha kusema. Alimfuata ofisini asubuhi ya kikao, akamkuta akifunga vifungo vya mikono ya shati.

"Tulia, Bu," alimwambia. "Wewe sema ukweli wako kama ulivyosema Ijumaa. Mengine niachie mimi."

Kikao kilifanyika chumba cha mikutano, mbele ya wanaume watatu na bilauri za chai zenye vifuniko. Wening alisema kama alivyosema Ijumaa. Kisha Pak Danardono akaombwa maelezo. Alizungumza kwa upole, kwa masikitiko, akimwita Bu Wening dada yetu. Alisema tangu siku aliyoripoti Tirtapura aliagiza kwa mdomo kwamba wagonjwa wahudumiwe walipo. Agizo lilikuwepo. Kwa bahati mbaya dada yetu hakulielewa.

Wening alifikiri amesikia vibaya. Alimtazama mkuu wake usoni, akangoja amtazame. Pak Danardono alikuwa akiangalia kifuniko cha bilauri.

"Pak," alisema Wening, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe kwa udogo wake. "Mimi nilikuja kukuomba ruhusa. Ulisema nisiwazoeshe watu."

"Sikumbuki mazungumzo hayo."

"Pak Yuwono alikuwa mlangoni, anasubiri saini yako. Alisikia."

Yuwono akaitwa. Huyu alikuwa mtu ambaye Wening alimfundisha kazi tangu alipoajiriwa, ambaye mkewe alipojifungua kwa upasuaji Wening alimkalia kaunta yake wiki mbili bila kuambiwa na mtu. Alisimama karibu na mlango, kalamu mkononi, kana kwamba amekuja kuandika ujumbe na kuondoka. Mjumbe mmoja wa kamati akamuuliza kama alisikia. Yuwono akatazama viatu vyake.

"Sikumbuki vizuri, Pak. Siku ile palikuwa na watu wengi."

Kikao kingeishia hapo. Lakini Pak Danardono aliinua mkono kidogo, kama mtu anayeombwa jambo asilolipenda.

"Nisingependa kulisema hili," alisema. "Lakini Jumapili iliyopita mume wake alikuja kwangu. Alileta kikapu cha maembe. Aliniomba msamaha kwa niaba ya mke wake. Alisema mke wake anajua amekosea, na mimi nisiache kumsaidia. Sasa sielewi haya mapya yametoka wapi."

Mmoja wa wale watatu akaandika kitu. Wening aliketi, akakiweka kiganja cha mkono mmoja juu ya vidole vya mwingine.

Gunarto alikuwa akimsubiri, chakula kimeshapangwa mezani, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya. Mbah Kasinah alimwona mkwewe uso, akamshika Nastiti mkono, wakaenda kukaa kwa jirani.

"Ulikwenda kwake," alisema Wening.

"Nilikwenda kama mume. Nyumba hii imekopewa kwa mshahara wako, Wening. Wakikufukuza tunakwenda wapi? Mama atalala wapi?" Alikuwa akisema haraka, kama mtu aliyekariri. "Yule ni mkubwa. Mkubwa ukimnyenyekea anakuinua. Ndivyo dunia ilivyo."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia umekosea. Na ulikosea kweli. Wewe mwenyewe uliniambia. Ulikaa hapo hapo, ukalia, ukaniambia."

"Nilikuambia wewe, Mas, mume wangu," alisema Wening.

Nje pikipiki ilipita, ikafifia. Gunarto alijaribu kumpakulia mkewe wali, na mkono wake ukabaki hewani na upawa, maana Wening alikuwa ameshasimama, amekwenda kuanua nguo.

Hawakumfukuza. Walimshusha daraja, wakamkata posho, wakampa barua ya kuhamia kituo kidogo cha kata ya milimani, safari ndefu ya pikipiki kila asubuhi. Pak Danardono alimpigia simu kumweleza kuwa amepigana sana mpaka adhabu ikawa nyepesi hivyo. Wening akamshukuru. Hakujua afanye nini kingine na mdomo wake.

Ijumaa yake ya mwisho pale ofisini mikeka ilitandikwa kama kawaida. Mihogo ilikuwa moto. Pak Danardono aliketi katikati, akakunja miguu, akauliza nani anaanza. Hakuna aliyeanza. Watu walitafuna. Mwishowe mwanamke wa mapokezi akasema kwamba juzi alisahau kuzima feni, na amejifunza kuwa umeme ni mali ya umma. Mwingine akasema naye alichelewa, mvua. Yuwono akasema hana kosa wiki hii. Wening, aliyekuwa naye kazini kila siku ya wiki ile, alijua kuwa kile kifaa cha alama za vidole kimeanza kuchanganya watu. Kilikuwa kimetoa jina la mtu kwa vidole vya mwingine, mara mbili, na Yuwono aliona kama yeye alivyoona. Alimtazama Yuwono, Yuwono akachukua muhogo.

"Vizuri," alisema Pak Danardono, akisugua viganja. "Inaonekana tumekomaa. Makosa yamepungua sana."

Alimaanisha. Hilo ndilo lililomshangaza Wening, kwamba mtu yule alikuwa amefurahi kweli.

Kituo cha milimani kilikuwa nyumba ya vyumba viwili na mkuu kijana, Pak Satriyo, aliyetoka chuoni mwaka uliopita na bado akiitikia salamu za kila mtu. Alikuwa amesikia habari za Wening, kama walivyosikia wote, lakini hakuzigusa. Wiki ya pili alivuta kiti akaketi mbele ya meza yake.

"Bu Wening, wewe ndiye uliyeanzisha lile begi, najua," alisema. "Mimi bado najifunza. Niambie tu bila kunionea haya. Hapa tunakosea wapi?"

Wening alimtazama. Uso wa kijana ulikuwa wazi, na Wening aliamini kuwa anauliza kwa moyo. Jibu alikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Watu wa Selawuni, kijiji cha mbali kuliko vyote, walishuka siku za soko kwa gari moja tu, na gari hilo liligeuza kabla ya adhuhuri. Saini zilitolewa baada ya chakula cha mchana, karatasi za watu wote zikishakusanyika. Kwa hiyo kila mtu wa Selawuni aliyekuja na shida alirudi na shida yake kwa miguu, mlima mzima, au hakurudi kabisa kuomba. Dawa yake ilikuwa ndogo: waitwe kwanza asubuhi, karatasi zao zipelekwe kwa mkuu kabla ya za wengine.

"Hakuna, Pak," alisema. "Kila kitu kiko sawa."

Pak Satriyo akangoja kidogo, akashukuru, akarudisha kiti.

Siku za soko Wening alifika mapema, akatoka nje kabla mlango haujafunguliwa, akawaita watu wa Selawuni kwa sauti ya chini pembeni ya ukuta. Alikusanya karatasi zao, akaziweka juu kabisa ya rundo la kwanza lililokwenda kwa mkuu asubuhi, bila maelezo. Walipanda gari lao. Hakumwambia mtu yeyote anafanya nini, wala nyumbani Gunarto alipomuuliza habari za kazi hakupata zaidi ya nzuri.

Mwezi wa mvua alipata homa, akalala kitandani. Pale kituoni siku ya soko ikapita kama kawaida, na hakuna aliyejua kwa nini siku hiyo watu wa Selawuni walipanda mlima kwa miguu.